Kifungu cha Saba

Vyama sita vya siasa vya hapa Likasi vilizaliwa mezani pangu. Sijigambi. Nina chumba kimoja karibu na soko, chenye ordinateur moja, yaani kompyuta, mashine ya fotokopi inayokwama kila ikipata joto, na viti viwili vya plastiki vya wateja. Nachapa barua za kuomba kazi, matangazo ya misa za marehemu, malalamiko ya wapangaji. Na nachapa statuts, yaani ile katiba ndogo ambayo kila chama lazima kiwe nayo kabla serikali haijakitambua.

Mwenye chama huja na karatasi mbili tatu alizoandika kwa mkono. Jina la chama lipo, kubwa, limepigiwa mstari. Alama ipo: jembe, taa, njiwa. Majina ya kamati yapo, na nusu yao ni watoto wa kaka yake. Kisha tunafika mahali pa itikadi, na hapo mwenye chama anaanza kutazama nje.

"Mama, weka kintu muzuri," ndivyo wanavyosema wote. "Weye unayua."

Ni kweli, najua. Nilisomea ukatibu kwa masista, nikafanya kazi ofisini tangu ujana wangu, na vidole vyangu vinakijua Kifaransa cha serikali kuliko kichwa changu. Kwa hiyo yule wa kwanza nilimwekea demokrasia ya kijamii. Wa pili nilimpa uliberali, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara na alivaa saa nzuri. Wa tatu alikuwa mchungaji, nikampa utu wa Kikristo. Wa nne alitaka nimwekee zote, tukabishana hadi karibu nifunge. Sikuona dhambi yoyote. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuniuliza maana yake. Kwetu ukitaja chama, mtu hakuulizi kinaamini nini. Anauliza ni cha nani, huyo mwenyewe ni wa asili gani, na kama mkutano ukiisha watagawa fulana. Mwenye chama akihamia upande mwingine, watu wake wanahama naye siku hiyohiyo, na ile itikadi inabaki kwenye faili langu.

Wa tano ndiye aliyeniletea msiba, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na malori na duka la saruji, mtu wa kucheka, mwenye kunisalimia vizuri na kuuliza habari za miguu yangu. Sikumwuliza asili yake, na yeye alikuwa mjanja kiasi cha kutoitangaza. Alikuja mchana, nikiwa nimetoka kula, akaacha karatasi zake na kusema atapitia saa kumi. Vifungu sita vya kwanza nilivichukua kwenye faili la zamani. Kilibaki cha saba, kile cha mambo ambayo chama kinayapigania, na nilikuwa nimechoka kuandika amani na maendeleo. Kila chama kina amani na maendeleo. Nikakaa pale vidole juu ya herufi, na maneno yaliyonijia yalikuwa ya mdogo wangu.

Mdogo wangu tulizaliwa tumbo moja, mimi wa kwanza na yeye wa mwisho, na katikati yetu wamelala watatu kwenye makaburi. Mama alipofariki yeye alikuwa bado anavaa kaptula za shule. Mimi ndiye niliyemvalisha, niliyemchapa, niliyempeleka kwa katekista. Hata leo, mtu mwenye mvi kidevuni, huniita yaya, yaani dada mkubwa, na nikimkaripia anainamisha kichwa. Anafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha shaba, usine kwa Kifaransa, upande wa Shituru, au niseme alikuwa anafanya. Hakuwa na mkataba. Alikuwa journalier, kibarua wa siku, kwa miaka kumi na miwili kwenye mabirika yaleyale ya asidi. Kila asubuhi vibarua husimama mbele ya lango, na kapita, yaani msimamizi wao, hutoka na orodha, akaita majina. Aliyeitwa anaingia. Asiyeitwa anarudi nyumbani na sahani yake ya bukari, ugali wetu, ikiwa bado na joto ndani ya kitambaa.

Jumapili moja, siku chache kabla ya yule bwana wa saruji kuja, tulikuwa tunakula kwangu baada ya misa. Mdogo wangu akaacha kula. Alisema, bila hasira, akitazama sombe yake, yale majani ya muhogo:

"Yaya, miaka kumi na mbili niko pale. Nayua ile usine kupita chef yangu. Lakini kila asubuyi nangoya kapita aite jina yangu. Akiita, niko muntu. Kama haiti, siko."

Nilimwambia ale, chakula kinapoa. Ndivyo nilivyo, mtu akinionyesha kidonda namwonyesha sahani. Lakini yale maneno hayakunitoka. Na mchana ule, mbele ya karatasi za mtu mwingine, niliyavalisha Kifaransa. Niliandika kwamba chama kinapigania siku ambayo hakuna mfanyakazi atakayengoja kila asubuhi kuitwa jina ili ajue kama yupo. Niliongeza mistari miwili kuhusu mikataba, nikaweka nukta. Saa kumi bwana wa saruji akaja, akatia sahihi kila ukurasa bila kusoma, akanilipa na kuniachia soda baridi juu. Karatasi zikaenda Kinshasa, zikarudi na mihuri.

Sikumwambia mdogo wangu. Nina sheria moja ya kazi, na ndiyo iliyonifanya niendelee kupata wateja katika mji huu wa maneno mengi: nikishachapa, nimesahau. Mume anayeandika barua ya kumfukuza mkewe anakaa kiti kilekile alichokalia mkewe juzi, na wote wawili hawapati kwangu hata nusu neno. Mwanzoni basi ilikuwa ni sheria tu. Baadaye ikawa woga, na nikaendelea kuuita sheria.

Miezi ikapita. Chama kikafungua ofisi Shituru, chumba chenye bendera na benchi. Jioni moja mdogo wangu aliingia kwangu akiwa na ile katiba ndani ya mfuko wa plastiki wa bluu, ameushika kwa mikono miwili. Alikuwa amepewa na mwenzake wa kiwandani. Hakunisalimia hata.

"Yaya, ikala. Sikia hii."

Alisoma kifungu cha saba kwa Kifaransa chake cha kukwamakwama, kidole juu ya kila neno. Kisha akakitafsiri, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua Kifaransa. Na alipokitafsiri maneno yakarudi vilevile alivyoyasema mezani, mpaka mahali pa kuvuta pumzi. Nilitazama uso wake nikingoja agundue. Hakugundua. Machoni mwake kulikuwa na machozi.

"Unaona?" akasema. "Kuko muntu kule juu aliniwaza. Haniyue, hayaniona hata siku moja, lakini aliniwaza. Minye nilikuwa nasema niko peke yangu."

Pale ndipo ningesema. Ilikuwa rahisi, ingekuwa hata kichekesho, tungecheka hadi mbavu zituume, angeniita mwizi wa maneno ya watu. Nilifungua mdomo. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kuikunja ile karatasi polepole, kwenye mikunjo yake, asiichane. Nikamwuliza kama amekula.

Ili mtu aelewe kwa nini kile kifungu kilimwingia hivyo, lazima nieleze tulivyo. Babu yetu mzaa baba aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya migodi. Mama yetu alikuwa mtu wa Kapolowe. Tulipokuwa tunakua hilo halikuwa jambo, nusu ya vijana tulioimba nao kwaya walikuwa hivyo. Kisha ukaja ule wakati watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa hapa, familia nzima zikilala nje kwenye stesheni siku baada ya siku na magodoro yao zikingoja treni. Wanasiasa waliolitaka jambo lile nao walikuwa na neno zuri la itikadi kwenye karatasi zao. Sitasema ni lipi, maana neno lenyewe halina kosa, na yule aliyelichapa pengine alikuwa mtu kama mimi. Baba alikwenda kulala pale kwenye reli na sanduku moja. Mama alimfuata, akamshika mkono mbele ya watu wote, akamrudisha nyumbani, na wajomba zetu wakakaa kwenye kibaraza chetu wiki tatu wakitulinda. Mdogo wangu alikuwa mtoto. Aliniuliza kama sisi ni wa treni au ni wa kibaraza, nikamwambia alale.

Alipokuwa mtu mzima alijaribu. Alikwenda kwenye chama cha wenyeji, wakalitazama jina lake la ukoo wakacheka kwa adabu. Akaenda kwa watu wa Kasai, wakamwuliza mama yako ni nani, na alipowaambia wakampa kiti cha nyuma kabisa. Aliniambia kwamba katika nchi hii ukiwa wa huku na huku basi huna pa kukaa. Halafu kikaja chama ambacho kifungu chake cha saba hakikumwuliza baba wala mama. Kilimwuliza tu kama anasimama langoni kila asubuhi.

Akawa mtu mwingine. Alijifunza katiba ile kwa moyo. Alinunua daftari, akaandika maana ya maneno: kushoto, kulia, haki ya kazi. Jioni aliwakusanya vibarua wenzake wanane au kumi uani kwake akawaelezea. Alikuwa akiniuliza maneno magumu, na mimi nilimweleza, nikijua kwamba hayo maneno magumu niliyaweka kwa sababu yanajaza mstari. Mke wake aliniambia kwamba mume wake ameacha lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Tena akaniambia kwamba siku hizi kapita asipoliita jina lake, anarudi nyumbani akipiga mluzi. Nilifurahi kwa ajili yake, ni kweli, na kila siku ya furaha ile ilifanya ukweli uwe mgumu zaidi kuusema.

Wakati huo bwana wa saruji, ambaye sasa kila mtu alimwita Président, alipata kazi mpya: yeye ndiye aliyepewa kuleta vibarua kiwandani, na kapita wa langoni akawa mtu wake. Nilidhani mdogo wangu angeshtuka. Hapana. Alisema afadhali awe yeye kuliko mwingine, kwa kuwa huyu ana kifungu.

Ndipo akaja yule msichana. Alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa kutoka Lubumbashi, anaandika mémoire yake ya kumaliza masomo, mwembamba, viatu vyake vimejaa vumbi letu jekundu. Kazi yake ilikuwa kupanga vyama vyetu kwa itikadi. Alikuwa na jedwali kubwa lenye safu tatu, kushoto, katikati na kulia, na safu zote zilikuwa tupu. Alikuwa ameizunguka Likasi siku nne. Kila kiongozi alimwambia kwamba chama chake ni cha amani na maendeleo, wengine wakamwuliza kama ameolewa. Hatimaye mtu mmoja alimtuma kwa mdogo wangu, akisema yule ndiye anayejua mambo ya vitabu. Na mdogo wangu, kwa kuwa kwake hakukuwa na viti vya kutosha, akamleta dukani kwangu.

Waliongea karibu saa mbili. Nilijifanya natoa fotokopi. Sijawahi kumsikia mdogo wangu akisema vile. Alieleza kwamba wao wako kushoto, gauche kwa Kifaransa, "lakini haina gauche ya mu buku ya Bazungu, ni gauche ya pa mulango ya usine." Msichana aliandika mpaka kalamu ikaisha, nikampa nyingine. Uso wake ulikuwa umefunguka, kwa kuwa hatimaye alikuwa na kitu cha kuweka kwenye jedwali.

Kisha akatoa katiba ya chama kingine kwenye mkoba wake. Niliitambua kabla hajaifungua. Kilikuwa chama cha sita, cha wapinzani wa Président. Walikuja kwangu siku moja na haraka zao, lori linawangoja nje, na mimi nilichukua faili lililokuwa karibu nikabadilisha jina na alama. Nilisahau kifungu cha saba.

"Papa," msichana akasema, "hapa kuko kintu kimoja sielewi. Bale benyewe munapingana nabo, article yabo ya saba ni sawasawa na yenu. Mot à mot."

Mdogo wangu aliichukua, akaisoma yote. Nilishika ukingo wa mashine.

"Banatuiba," akasema mwishowe, na kulikuwa na fahari katika sauti yake. "Unaona vile ile article iko na nguvu? Hata badui banaitaka."

Msichana hakuandika. Aliziweka zile katiba mbili sambamba juu ya goti lake. Alitazama pambizo, akatazama namba za vifungu ambazo mashine yangu huzisukuma kidogo kulia tangu nilipoinunua. Kisha akainua macho akatazama ordinateur yangu, na matangazo ya misa niliyoyabandika ukutani, yenye namba zilizosukumwa vilevile.

"Mama, njo weye unachapaka bote?"

"Minye nachapa tu," nikasema. "Bananiletea, nachapa."

Alifunga daftari lake. Alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri. Alimshukuru mdogo wangu kwa mikono miwili, na mimi nikamsindikiza hadi barabarani ambako pikipiki zinasimama. Pale akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Sasa mama, yeye nitamuweka fasi gani?"

"Muweke ku gauche," nikamwambia. "Ni pale anapenda kuwa."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda pikipiki. Sijui aliandika nini.

Uchaguzi ulipokaribia, Président alikuja mwenyewe na karatasi ambazo hakutaka katibu wake azione. Chama kidogo peke yake hakipati kiti, sheria imewekwa hivyo, kwa hiyo vyama vinajifunga pamoja kama kuni. Chake kilikuwa kinajiunga na muungano mkubwa wa wenye makampuni, watu waliokuwa wakisema waziwazi kwenye redio kwamba kibarua akipewa mkataba kazi inakufa. Nilichapa makubaliano yale kurasa nne. Nilijua maana yake kwa mdogo wangu tangu mstari wa tatu. Nilikuwa na siku tisa za kumwonya. Siku ya kwanza nilisema ni siri ya mteja. Siku ya tano alipita kununua karatasi za mkutano, akaniuliza kama neno moja kwenye daftari lake linaandikwa kwa kurudia herufi moja mara mbili, nikamwambia ndiyo, akaenda. Siku ya tisa ilikuwa Jumapili ya mkutano wenyewe. Nakiri kwamba sikunyamaza kwa ajili ya mteja. Nilinyamaza kwa sababu onyo lolote lingefika mwishowe kwenye swali la nani aliandika nini.

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, baada ya misa, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Nilikuwepo kwa sababu nilitakiwa nilete nakala za makubaliano. Nilikaa nyuma, nakala zikiwa mapajani. Président alieleza habari ya muungano kwa ucheshi wake, watu wakapiga makofi, fulana zilikuwa kwenye maboksi karibu na ubao. Mdogo wangu akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la harusi.

"Président, pardon," akasema. "Article ya saba inasema journalier asingoye tena kuitwa jina. Na bale tunaenda kuungana nabo, bo banasema journalier abakie journalier. Sasa ile article tunaifanya namna gani?"

Watu waliacha kuzitazama fulana, maana hakuna aliyewahi kuuliza swali la namna hiyo. Président hakukasirika, na hilo ndilo ninaloshindwa kulisahau. Alimtazama kwa mshangao wa kweli, kisha akaniona mimi kule nyuma, akacheka kicheko chake kizuri.

"Papa, ile article uulize dada yako. Eko pale. Njo yeye aliiweka. Minye nilimuambia tu aweke kintu muzuri."

Darasa zima likacheka, wala si kwa ubaya. Walicheka kama watu wanaocheka kwenye karamu, wakageuka kunitazama, mwingine akanipigia makofi. Mdogo wangu naye akageuka.

"Ni kweli, yaya?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema ndiyo. Nilisema, "Ikala kwanza. Tutaongea ku nyumba." Na yeye, mtu mzima, mbele ya vibarua wenzake aliowafundisha uani kwake, alikaa. Alikaa kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Mpaka leo likinijia hilo, nikiwa napika au nikiwa kanisani, inabidi nisimame kidogo.

Hatukuongea nyumbani. Hakuja. Jumatatu kapita hakuliita jina lake, wala Jumanne. Jumatano mke wake alinieleza kwamba sasa hata kwenye orodha halipo, wenzake wameitazama karatasi yenyewe, wamemkosa. Labda Président aliagiza, labda kapita alijipendekeza tu, hilo halina wa kumwuliza. Mdogo wangu aliendelea kwenda langoni kwa wiki mbili, akisimama na wengine mpaka orodha inaisha.

Alikuja kwangu Alhamisi moja asubuhi, saa ambayo zamani angekuwa kwenye mabirika. Nilikuwa na mteja, bibi mmoja wa tangazo la misa. Alimngoja amalize, akampisha mlangoni kwa heshima, kisha akaketi kwenye kiti cha yule bibi. Alikuwa amekonda. Hakuwa na mfuko wake wa bluu.

"Yaya, minye nilisoma tena ile article," akasema. "Ni maneno yangu, haina? Ile niliyosema pa meza."

"Ni yako."

"Nilisoma mara ngapi, sikuyua sauti yangu mwenyewe."

Nikaanza kumwomba msamaha. Nilimwambia kwamba nilichoka siku ile, kwamba sikudhani mtu ataisoma, kwamba nilitaka kumwambia nikaona machozi yake nikashindwa. Nilimwambia pia jambo ambalo nilikuwa nimelitunza kama la kunitetea, na niliamini litamfariji: kwamba si kweli kwamba hakuna aliyemwaza. Mimi nilimwaza. Kati ya watu wote wa Likasi, mchana ule, mbele ya ukurasa mtupu, nilimwaza yeye.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira, na hasira ningejua la kuifanyia.

"Nayua, yaya. Weye unaniwazaka kila siku, tangu mama alikufa," akasema. "Weye ni dada yangu, utafanya je? Lakini minye nilikuwa na furaha juu ya muntu mwenye haniyue."

Nililia palepale, mimi ninayewaambia watu wale chakula kinapoa, na yeye akainuka akanishika bega, akakaa nami hivyo hadi mteja mwingine alipobisha hodi. Jumamosi alikwenda Kapolowe kulima kwenye shamba la wajomba. Yuko huko hadi leo. Siku ya kura hakuja mjini.